Pikapu ya dizeli niliyoiunda upya nyumbani: kutafuta ugonjwa kabla ya kushika spana

Ndugu watazamaji mlioko nyumbani, karibuni tena. Leo kamera haitatoka ndani ya gereji hii ndogo ninayofanyia kazi huku ughaibuni, kwa sababu wengi wenu mmekuwa mkiniuliza kuhusu ile pikapu iliyofunikwa turubai nyuma yangu katika video zilizopita. Nimeishughulikia kwa miezi minane, jioni baada ya kazi na siku za mapumziko, na wiki hii imewaka. Nataka niwaeleze nilivyoutafuta ugonjwa wake, kwa kuwa najua wapo miongoni mwenu wenye magari kama hili, na wapo walioambiwa wabadilishe vifaa ambavyo havikuwa na kosa lolote.

Hili si gari lililotoka kiwandani likiwa hivi. Chesesi ni ya gari moja, injini ni ya gari jingine, giaboksi imeunganishwa kwa bamba la chuma lililokatwa kwa mkono, na nyaya za umeme zilipitishwa na fundi aliyejua peke yake alichokuwa akikusudia. Injini ni ya dizeli, lita 5.9, mitungi sita kwa mstari, tapeti kumi na mbili za kufungulia valvu, ina tabo (feni ya kusukumia hewa kwenye mitungi) na pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwa presha hadi mitungini, inayoendeshwa kwa gia bila kompyuta yoyote. Nilivutwa hasa na jambo hilo la mwisho. Injini ya namna hii ikipata hewa iliyobanwa vizuri, dizeli isiyo na mapovu, na krenki, yaani shafti kuu inayosukuma pistoni, inayozungushwa kwa kasi ya kutosha, itawaka hata kama taa, honi na geji zote zimekufa. Maana yake ni kwamba ikikataa kuwaka, kimojawapo cha vitu hivyo vitatu kimekosekana, na kazi yako ni kujua ni kipi.

Shida ya gari lililoundwa kwa vipande ni kwamba halina kitabu. Kitabu cha injini kipo, cha giaboksi kipo, lakini hakuna ukurasa wowote unaokuonyesha mahali vilipokutanishwa. Kwa hiyo kifaa cha kwanza nilichonunua ni daftari. Nilifuata kila waya kutoka betri hadi mwisho wake, nikachora, nikaandika rangi na unene. Kazi hiyo ilichukua wiki mbili nzima, na sikufungua bolti hata moja ya injini katika muda huo.

Aliyeniuzia aliniambia kwa uhakika kwamba pampu ya nozeli imekufa. Dalili yake ilikuwa hii: gari likilala usiku kucha, asubuhi stata ilizunguka muda mrefu sana, moshi mweupe ukatoka kidogo kidogo, halafu injini ikashika kwa kusitasita. Ikishawaka mara moja, siku nzima iliwaka kwa mguso mmoja tu. Naomba mlitazame hilo kwa makini. Pampu iliyolika kwa kawaida husumbua zaidi injini ikiwa ya moto, kwa sababu dizeli ya moto huwa nyepesi na huvuja kupitia nafasi zilizochakaa ndani ya pampu. Gari linalosumbua baada ya kulala tu, kisha likawa halina shida mchana kutwa, linakuambia kwamba dizeli imerudi kwenye tangi na nafasi yake imechukuliwa na hewa.

Ili nisitegemee kuhisi tu, nilikata mpira wa dizeli kati ya filta na pampu nikaunganisha kipande cha mpira unaoonyesha ndani. Nasogeza kamera muone, bado ninacho hapa. Asubuhi iliyofuata, kabla stata haijazunguka, mpira ulikuwa mtupu kwa nusu ya urefu wake, na injini iliposhika, mapovu madogo yalipita kwa mfululizo kama shanga kwenye uzi. Chini ya gari hapakuwa na tone lolote la dizeli, na hilo ndilo lililokuwa limewapoteza waliotangulia. Upande wa kuvuta, yaani kutoka tangini hadi pampu ndogo ya kuvutia dizeli, hauna presha ya kusukuma nje. Kukiwa na tundu, injini ikifanya kazi huvuta hewa ndani, kwa hiyo nje hubaki pakavu kabisa.

Nilifungua bomba upande wa tangi, nikaziba ncha moja, nikaingiza hewa kidogo sana kwa pampu ya mkono, kisha nikapaka povu la sabuni kila kiungo. Msifanye hivyo kwa presha kubwa wala kwa tangi lenye dizeli. Povu lilichemka mahali ambapo jicho halifiki, nyuma ya injini, kwenye kipande cha mpira kisichozidi urefu wa kidole cha shahada, kilichounga bomba la chuma na pampu ndogo. Nilipokikunja mkononi kilifunguka mipasuko myembamba kila upande, kwa kuwa ulikuwa mpira wa maji, na dizeli ilikuwa imeula kwa miaka. Nikaweka mpira wa dizeli na klipu mpya, na asubuhi ya pili mpira wa kuonyesha ulikuwa umejaa, bila povu hata moja.

Hata hivyo stata bado ilizunguka kwa uvivu. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6, yaani imejaa. Nikaweka waya mmoja wa mita kwenye bloku ya injini na mwingine kwenye ncha hasi ya betri, nikamwomba rafiki azungushe stata: mita ikasoma volti 1.8. Hapo panapaswa kusomeka chini ya nusu volti. Volti karibu mbili zilikuwa zikipotea njiani, na sababu yake ni waya wa athi, yaani wa kurudisha umeme kwenye ncha hasi ya betri, uliofungwa kwenye chesesi juu ya rangi, ilhali injini yenyewe imekaa juu ya mipira na haigusi chesesi. Watu wengi huona uzembe huu kuwa mdogo, nami sikubaliani nao. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Mtungi wa injini hii hubana hewa takriban mara kumi na saba, na krenki ikizunguka polepole, joto hilo hupotelea kwenye chuma na hewa hupenya pembeni mwa ringi zinazozunguka pistoni kabla pistoni haijafika juu. Nilikwangua rangi hadi chuma cheupe, nikapitisha kebo nene moja kwa moja kutoka betri hadi kwenye bloku.

Katika nyaya hizo hizo nilikuta hatari nyingine. Kifaa kinachofungua njia ya dizeli kwenye pampu kina koili mbili: moja ya kuvuta, inayokula umeme mwingi kwa sekunde chache tu, na nyingine ya kushikilia, inayokula kidogo muda wote. Aliyeifunga alizipa zote mbili umeme wa kudumu kupitia waya mwembamba wa swichi. Koili ya kuvuta ilikuwa imeungua nusu, na ganda la waya lilikuwa limeyeyuka na kushikana na jirani yake. Nimeweka rilei yake, yaani swichi ya umeme inayobeba mzigo mkubwa, na fyuzi yake.

Mngedhani kazi imeishia hapo, nami nilitumaini hivyo. Lakini injini ilipoanza kuwaka vizuri, ilionyesha ugonjwa uliokuwa umejificha nyuma ya ule wa kwanza. Maji ya rejeta yalipungua bila kuvuja, na mpira wa juu wa rejeta ulikuwa mgumu kama fimbo dakika moja baada ya kuwasha asubuhi, wakati maji bado baridi. Maji baridi hayawezi kutengeneza presha hiyo. Ni moshi wa mtungi unaopenya. Nilitumia dawa ya kupimia, ile inayobadilika rangi ikipitiwa na hewa ya moshi, nayo ikabadilika. Kisha nikapima mbano, yaani presha ya hewa iliyobanwa ndani ya kila mtungi, kupitia matundu ya nozeli: mitungi mitano ilikuwa kati ya bari 27 na 29, wa nne ulikuwa 21. Hapo tu, ndugu zangu, ndipo nilipokubali kufungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya mitungi.

Gasketi, bamba jembamba la kuziba kati ya hedi na bloku, ilikuwa imeungua kati ya mtungi wa nne na wa tano. Nilipoweka rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi na kuingiza fila geji, mabamba membamba ya kupimia mwanya, chini yake, bamba la milimita 0.15 lilipita bila kukwama mahali hapo hapo. Hedi ilikuwa imepinda. Niliposhusha sampu, yaani karai la oili, na kufungua beringi za konrodi, zile zinazounga pistoni na krenki, nikaona shaba imeanza kuchungulia kwenye mbili kati yake, dalili ya kulika, basi nikaamua kuitoa injini nzima. Uzito wake unakaribia kilo 500, kwa hiyo winchi, minyororo na stendi zote nilizikagua kwanza, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuingiza mkono chini yake ikiwa inaning'inia.

Kusafisha, kupaka rangi na kukomboa bolti zenye kutu sitawachosha nako. Nataka tukae kidogo kwenye mambo matatu.

La kwanza ni ringi. Usichukue ringi mpya kutoka kwenye pakiti na kuivalisha pistoni moja kwa moja. Kila ringi niliiingiza kwanza ndani ya mtungi wake, nikaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha nikapima nafasi kati ya ncha zake. Za juu zilisoma kama milimita 0.45, isipokuwa moja ambayo ncha zake zilikaribia kugusana. Ringi ya namna hiyo ikipata moto hurefuka, ncha hugongana, na huchana ukuta wa mtungi. Niliipiga tupa taratibu, mara tatu nikiipima, hadi ikafanana na wenzake.

La pili ni kimo cha pistoni. Katika injini nyingi za dizeli pistoni ikifika juu huchomoza kidogo kupita uso wa bloku, na unene wa gasketi huchaguliwa kwa kipimo hicho. Nilikipima kwa dayo geji, kipimio chenye sindano kama saa, kwenye mitungi yote sita, pande mbili za kila pistoni. Hedi ilinyooshwa kwa mashine kwa kukwanguliwa kiasi kidogo tu, na kina cha valvu kikapimwa upya baada ya hapo, kwa sababu ukikwangua hedi bila kupima unaisogeza valvu karibu na pistoni.

La tatu ni matundu ya bolti za hedi, jambo ambalo sijaliona likitajwa mara nyingi. Tundu lisilotokeza upande wa pili likibaki na oili au maji chini, bolti ikikazwa inabana kile kiowevu, toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, inalia kana kwamba imekaza, kumbe hedi haijabanwa. Tena presha hiyo inaweza kupasua bloku. Nilipuliza kila tundu, nikalifuta kwa kitambaa kilichozungushiwa kijiti hadi kikatoka kikavu. Kisha nikakaza kwa hatua, kuanzia bolti za katikati kuelekea pembeni, kwa nguvu zilizoandikwa kwenye kitabu cha injini.

Nafasi za tapeti niliziseti injini ikiwa baridi: milimita 0.25 kwa valvu za kuingiza, 0.51 kwa za kutolea, nikifuata mpangilio wa mitungi kuwaka kwa zamu, 1-5-3-6-2-4. Pampu ya nozeli sikuifungua, maana haifunguliwi juu ya meza ya gereji. Niliipeleka kwa fundi mwenye mashine ya kupimia, akaipima na kunirudishia akisema iko salama. Ile pampu iliyohukumiwa kufa ndiyo hiyo mnayoiona hapa, haijabadilishwa chochote.

Kabla ya kuwasha nina maombi mawili kwenu. Usitafute uvujaji wa bomba la nozeli kwa mkono, hata ukiwa na glavu, kwa sababu dizeli inayotoka kwa presha hiyo hupenya ngozi na kuingia mwilini, na jeraha linaloonekana dogo huhitaji hospitali mara moja. Tumia kipande cha boksi, ukitazame kama kinalowa. La pili, weka ubao karibu na mdomo wa kuvutia hewa. Injini ya dizeli inaweza kujilisha oili yake yenyewe na kupanda kasi bila kikomo, na kuzima swichi hakutaisimamisha; kuiziba hewa ndiko kunakoizima.

Nilizungusha stata kwanza dizeli ikiwa imefungwa, hadi geji ya oili ikapanda. Nikafungua dizeli, nikatoa hewa kwa pampu ya mkono. Injini ilishika katika mzunguko wa tatu. Sikuiacha isage polepole kwa muda mrefu, maana ringi mpya huhitaji mzigo ili zikae. Baada ya kukagua uvujaji niliitoa barabarani siku hiyo hiyo, nikipandisha na kushusha kasi bila kuilazimisha.

Leo imelala usiku wa nne tangu hapo. Mpira wa kuonyesha umejaa, mpira wa rejeta ni laini, na maji hayajashuka. Sasa nazungusha ufunguo mbele yenu, sikilizeni. Baada ya kilomita 1,000 nitazipima tapeti tena nikiwa nanyi, na oili ya kwanza nitaimimina kupitia kitambaa cheupe ili tuone pamoja kilichobaki ndani yake.