Kutoka Coimbra: vijana walioboeka

Subirini kwanza nipumue. Hizi ngazi nyuma yangu zinaitwa Quebra Costas, yaani Vunja Mgongo, na aliyezipa jina hilo hakuwa anatania. Habari zenu wadau wa Dar, wa Moro, wa kila mahali. Mama, najua unaangalia: nimeshakula.

Leo niko Coimbra, Ureno. Mji wenyewe uko kilimani, mto Mondego uko kule chini, na kileleni kuna chuo kikuu kilichoanzishwa 1290. Wanafunzi bado wanavaa majoho meusi. Kengele ya mnarani iliyokuwa ikiwaita darasani waliipa jina la Mbuzi, sijui kwa ule mlio wake au kwa kuichukia tu. Muziki wa hapa ni fado, ila fado ya Coimbra ni ya wanaume, ndani ya joho, usiku, na kwa desturi ya zamani hupigi makofi. Unakohoa! Umeipenda nyimbo, unakohoa kidogo, basi.

Sasa fikiria una miaka kumi na nane, una gitaa la umeme, na umezaliwa hapa.

Mwaka 1989 vijana wa mji huu wakaunda bendi, wakajiita Tédio Boys. Tédio ni ile hali ya siku haiishi na hakuna jipya. Mtaani tungesema vijana walioboeka. Wakachanganya punk, ile rock ya kasi na hasira, na rokabili, rock ya zamani ya Marekani, wakapiga kwa fujo kwelikweli, mpaka wakafika kupiga huko huko Marekani. Kutoka kwenye mji wa kukohoa!

Lakini hapa nataka mnisikilize. Salazar, aliyeishika Ureno tangu 1932 hadi 1968, alikuwa mwalimu wa chuo hiki hiki. Zama zile hata nyimbo zilipita kwa wakaguzi. Utawala ule, uliobaki hata baada yake, uliangushwa 25 Aprili 1974 na wanajeshi waliochoka na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Na Frelimo, waliopigana nao huko Msumbiji, iliundwa wapi? Dar es Salaam, 1962. Kwa hiyo kwenye punk ya Ureno na sisi mkono wetu umo, wanidai kiingilio kwa lipi? Tena mmoja wa Tédio Boys, Paulo Furtado, alizaliwa Msumbiji 1970, vita vikiendelea. Baadaye akaja kujulikana kama The Legendary Tigerman, mtu mmoja, gitaa mikononi, ngoma miguuni.

Mwenzake, Victor Torpedo, alifunga virago akaenda London. Huko, mwaka 2000, yeye na Wareno wenzake wakaanzisha The Parkinsons. Mwimbaji, Afonso Pinto, jukwaani alijiita Al Zheimer. Ndiyo, bendi na mwimbaji, wote majina ya maradhi: Parkinson ya kutetemeka, Alzheimer ya kusahau. Watu walikuja kuona nguo zikivuliwa na vyombo vikirushwa, na albamu yao ya 2002 waliiita A Long Way to Nowhere, safari ndefu isiyofika popote. Mimi niliposoma jina hilo nilicheka, kisha nikanyamaza, maana nami nina begi langu chini ya kitanda.

Asubuhi nimemuuliza mzee mmoja wa mgahawa kama anawakumbuka vijana wale. Akaniangalia. Akafuta kaunta.

Akakohoa.