Waliosukuma Magari: Safari Rally Tuliyoiona Kando ya Barabara

Mwenyekiti, wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliobanana kule nyuma, asanteni kwa kufika. Wengi wenu mmeshanisikia nikisema tuandike kumbukumbu za waliosukuma magari, na mtazidi kunisikia, kwa sababu bado halijafanywa. Historia ya Safari Rally, zile mbio za magari za Pasaka zilizopita kwenye barabara zetu, tuliyo nayo ni ya watu waliokuwa ndani ya magari. Tunajua nani alishinda mwaka gani, kwa gari gani, akielekezwa na nani. Waliokuwa nje, kando ya barabara, usiku, kwenye mvua ya Pasaka, hawamo popote. Na wanatutoka. Nikienda kumtafuta mmoja niliyeelekezwa kwake, mara nyingi naonyeshwa kaburi.

Safari yenyewe sitaieleza. Aliyefika hapa anaijua. Nataka kuanza na hesabu.

Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaondoka 93, yakamaliza 7 tena. Mara zote mbili ilishinda Peugeot 404 ya Nick Nowicki akielekezwa na Paddy Cliff. Wale saba wa kila mwaka wamepewa jina la heshima, saba wasiozama, na mpenzi yeyote wa mbio hizi atakusimulia habari zao hadi chai ipoe. Sawa. Lakini toeni saba kwenye 84. Yamebaki magari 77. Toeni saba kwenye 93. Yamebaki 86. Yako wapi? Kila moja lilikwama mahali. Lilizimika kwenye mto wa mtu, lilivunjika springi mbele ya boma la mtu, lilitumbukia mtaroni karibu na shule fulani. Wale madereva na waelekezi wao walilala kwa nani? Nani aliwapa moto wa kukausha nguo? Nani alilinda gari mpaka mafundi wakafika na vipuri? Mtu huyo alikuwepo. Ana jina, ana watoto, na pengine mmoja wao yuko humu ndani.

Mimi kwetu ni upande wa Mau Narok, juu kule kwenye pareto, kondoo na baridi ya kukata masikio. Naongea habari za katikati ya miaka ya 70. Chifu alikuwa ameshapiga baraza: mifugo ifungwe, watoto wasionekane barabarani. Agizo la pili hakuna aliyelisikia. Mvua ilikuwa imeanza tangu mchana, ile mvua ya masika isiyo na radi wala haraka, inayonyesha kama iliyoajiriwa. Chini ya mteremko wetu kuna kidaraja, na ng'ambo ya kidaraja udongo ni mweusi, unanata, na ukishiba maji hauna chini. Kila mtu wa pale alijua magari yatakwama hapo. Tulishuka na majembe, matawi, mawe na kamba, wazee kwa vijana, na redio moja ya betri iliyofungwa ndani ya nailoni tusikie Sauti ya Kenya ikitaja nani amefika wapi.

Gari la Safari usiku lilianza kwa mwanga. Kabla hujasikia chochote, wingu lililo nyuma ya kilima linakuwa jeupe. Kisha injini. Watoto wa kwetu tulizitambua injini kwa masikio, tukabishana: hiyo ni Datsun, hapana, hiyo ni Peugeot, sikiliza anavyopunguza gia kwenye kona ya kwa mzee fulani. Ndipo taa zinachomoza juu ya mteremko, nne, wakati mwingine sita, na miti yote ya upande ule inaruka kutoka gizani.

Yalipita mawili, la tatu likazama. Ilikuwa Datsun. Ilizama hadi ekzosi ikawa inatoa mapovu. Tukalivamia watu wengi kwa pamoja, na kama kawaida ya watu wengi, kila mmoja na lake. Wengine wanainua nyuma, wengine wanavuta mbele, mmoja anafukua, mwingine anapiga kelele tu. Dereva hakutoka. Alikaa na mikono kwenye usukani, akitazama mbele, mguu ukingoja. Aliyetoka ni mwelekezi, mtu mwembamba mwenye tochi shingoni, na karatasi zake za muda amezikumbatia ndani ya koti kama mama aliyebeba kichanga kwenye mvua. Kila dakika aliyochelewa kufika kituo cha ukaguzi ilikuwa adhabu, na yeye ndiye aliyeziona dakika zile zikipita.

Ndipo shangazi yangu akafika. Mama wa makamo, gambuti miguuni, gunia kichwani la kuzuia mvua. Alikuwa ameyaona magari haya tangu zamani, wakati sisi hatujazaliwa. Akapaza sauti: "Nani amewaambia muinue? Acheni kuinua! Pandeni!"

Na hapa naomba tusimame kidogo, maana shangazi yangu hakuwa anapiga kelele tu. Magari mengi ya siku zile yaliendeshwa na magurudumu ya nyuma. Ukiinua nyuma, unayapunguzia magurudumu uzito, yanazunguka bure na kuzidi kuchimba. Unachotakiwa kufanya ni kuongeza uzito juu yake. Mafundi wa timu kubwa walilijua hilo. Magari ya Safari yalifungwa vishikio kwenye buti na mahali pa kukanyaga kwenye bampa ya nyuma, ili mwelekezi apande na kuning'inia pale gari likipita topeni. Shangazi hakuingia gereji hata siku moja. Aliyaona magari yakikwama mbele ya shamba lake mwaka baada ya mwaka, akaona yapi yanatoka na yapi yanalala pale, akafikia jibu lile lile la mafundi. Huo ni ujuzi, ndugu zangu. Mtu akiupata kiwandani tunauita uhandisi.

Basi vijana wawili wenye miili wakapandishwa juu ya bampa, wakashika vile vishikio. Matawi yakasukumwa chini ya matairi. Mzee mmoja akafunga kamba mbele, watu wakaivuta kwa pembeni na si moja kwa moja, ili gari litoke kwenye mifereji liliyojichimbia. Shangazi akainua mkono, dereva akamwona kwenye mwanga wa taa. Mkono ukashuka. Sijawahi tena kulishwa tope namna ile. Gari likayumba kushoto, likayumba kulia, likashika, likapanda. Halikusimama, na lisingeweza kusimama, lingezama tena. Wale vijana wawili waliruka likiwa linakwenda. Mwelekezi akalikimbilia mpaka penye ardhi ngumu, mlango ukabamizwa, taa nyekundu zikapotea kwenye kona.

Na kamba yetu ikaenda nalo. Kamba ya kufungia ng'ombe wa maziwa! Shangazi aliidai kamba ile kila Pasaka hadi uzee wake, na hakuwa anatania, kamba ilikuwa na bei.

Sasa kuna watu huniambia, mzee, hizo ni hadithi tamu za jikoni, hazibadilishi matokeo. Hazibadilishi? Chukueni mwaka 1973. Shekhar Mehta na Harry Källström, wote wakiwa kwenye Datsun, walimaliza wakiwa sare. Sare kabisa, baada ya maelfu ya kilomita. Ikabidi itumike kanuni ya kuvunja sare, na ushindi akapewa Mehta. Ulikuwa wa kwanza kwake. Baadaye alishinda mfululizo 1979, 1980, 1981 na 1982, na ushindi wake mara tano haujapitwa na mtu. Hebu fikirini dakika moja katika ile ya 1973. Moja tu! Ng'ombe aliyeondolewa barabarani upesi, jiwe lililowekwa chini ya tairi, mtoto aliyepunga shati kuonya kwamba mto umejaa. Kwa mbio zilizoamuliwa kwa sare, nani atasimama mbele yangu aseme watu wa kando ya barabara hawakuwa na mchango?

Pingamizi jingine nalisikia zaidi kwa vijana, na nalipokea kwa heshima. Wanasema zile zilikuwa mbio za wakoloni, tunazililia za nini? Ni kweli zilianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ni kweli mwaka ule Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, na kuna Wakenya ambao kusimama barabarani usiku kungewagharimu maisha. Sifichi hata neno moja la hayo. Lakini ukisema hivyo kisha ukaiacha historia yote mikononi mwa wenye magari, umewapa mara ya pili. Zile mbio zilipita kwenye barabara zetu. Hazikufungwa. Dereva aliweza kukutana na lori la maziwa, na matatu iliyojaa, na bibi anayetoka kanisani. Baadaye timu tajiri ziliruka na helikopta juu ya magari yao ili kuwaonya madereva kwa redio kuhusu kilicho mbele. Hatari ilikuwa kubwa, na kwa hilo siwezi kusema turudi kule. Nasema tuandike tulichokiona.

Wengine wanauliza, kumbukumbu za wazee zinaaminika? Kila mzee wa rika langu atakwambia alimsukuma Joginder Singh. Joginder, mtoto wa Kericho, Simba wetu, alishinda 1965 kwa Volvo, akarudi kushinda 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Wote wanaodai walilisukuma gari lake wakikusanyika, wataujaza uwanja wa Nyayo na wengine wabaki nje. Lakini mtu hasemi uongo katika kila kitu. Muulize gari lilikuwa la rangi gani, lilikwama upande gani wa mto, nani mwingine alikuwepo, walipata nini cha kula. Halafu nenda kamuulize huyo mwingine. Yanayolingana andika, yasiyolingana andika pia, kila moja kwa jina la aliyesema. Matokeo rasmi yapo, tarehe zipo, njia zilizopitwa zinajulikana. Kazi hiyo haihitaji mtu mwenye shahada tatu. Inahitaji simu yenye kinasa sauti na kijana anayejua kunyamaza mzee anapozungumza.

Nimeona saa, mwenyekiti. Nilitaka kuzungumza kwa kirefu juu ya mafundi wa gereji za Nairobi, wale waliobadilisha gia boksi juu ya turubali kwa mwanga wa tochi, lakini hao wanastahili siku yao. Nilitaka kuwataja Anne Hall na Lucille Cardwell, waliomaliza wa tatu 1961 kwa Ford Zephyr, kwa sababu mama zetu waliwaona na wakayazungumza. Nilitaka kusema jinsi vijiji vilivyojisikia siku Patrick Njiru alipopita kwenye Subaru na watoto wakaona anayeendesha anafanana na baba zao. Magari ya waya tuliyojitengenezea, yenye namba zilizoandikwa kwa makaa, hayo nayaacha kabisa.

La Naivasha, mbio ziliporudia, nitalisema kwa kifupi, kwa maana najua mtaniuliza. Nilifurahi sana 2021, mbio za ubingwa wa dunia ziliporudi Kenya baada ya kuondoka 2002. Nilimwona Sébastien Ogier akishinda na Takamoto Katsuta akimfuata, wote kwa Toyota, na vumbi la Bonde la Ufa lilikuwa lile lile. Lakini vipande vya barabara vya kushindania vinafungwa, mashindano yenyewe ni kilomita mia kadhaa badala ya zile elfu tano za zamani, na unayetaka kuona unafunga safari kuyafuata. Zamani yalikuja mlangoni kwako. Kijana wa leo wa Tambach, wa Taita, wa Meru, hana gari la kusukuma. Ana babu yake tu, na babu hajaulizwa.

Kwa hiyo ombi ni hili. Pale mlangoni kuna daftari. Andika jina la mzee unayemjua, kijiji, na barabara iliyopita karibu na kwao. Usiandike umri, tutakisia. Kama ana picha, usimpore. Ipige kwa simu na umrudishie hapo hapo. Wa kutoka Uganda na Tanzania mko wachache humu, nawaomba zaidi nyinyi, kwani upande wenu umeandikwa kidogo kuliko wetu na mbio zile zilikuwa za Afrika Mashariki nzima kabla hazijabaki Kenya peke yake.

Tuingie kwenye maswali. Yule mzee wa kofia ya kijani amekuwa akitikisa kichwa tangu nilipotaja kuvuta kamba kwa pembeni. Naona ana njia yake. Mpeni kipaza sauti yeye kwanza.