Kipini cha Bibi

IDI: Karibuni tena. Leo tumeandaa masomo matatu kuhusu kuchapa picha za nyeusi na nyeupe kutoka negativu za zamani: kuskani, kuongeza ukali na kuchagua karatasi. Lakini Dada Zuhura, kuna jambo limenikosesha raha tangu Jumanne.

ZUHURA: Sema, kaka.

IDI: Nilikuwa nikiskani negativu ya bibi yangu siku ya harusi yake, filamu ya milimita 35. Skana yangu inaweza kuondoa vumbi kwa mwanga wa infraredi, lakini kwa filamu hii haisaidii, kwa sababu chembe za fedha zinazoiumba picha huuzuia mwanga huo kama vumbi linavyouzuia. Basi nikaketi saa tatu nikifuta madoa meupe kwa mkono, moja baada ya jingine. Mama alipoishika picha iliyochapwa, aliniuliza, "Kipini chake kiko wapi?"

ZUHURA: Ulikifuta kipini cha bibi!

IDI: Nilikifuta. Kilikuwa nukta nyeupe juu ya pua, na vumbi la kwenye negativu nalo hutokea jeupe picha ikishageuzwa, weusi kuwa weupe.

ZUHURA: Kaka, ikuze picha uzitazame kingo. Kipini kimo ndani ya filamu, kwa hiyo kina punje, zile chembe za fedha, kama pua yenyewe. Vumbi limelala juu tu, halina punje.

IDI: Punje hazikuonekana.

ZUHURA: Basi kosa lilianza kabla ya kipini. Filamu ilikuwa imepinda?

IDI: Kidogo, katikati.

ZUHURA: Skana nyingi za mezani fokasi yake haibadiliki, filamu ikiinuka hata nusu milimita, ukali umepotea. Ningeilaza chini ya kioo kwanza.

IDI: Hata ikinyooka, skani hutoka laini. Kwa dpi 2400, yaani nukta 2400 kwa kila inchi ya filamu, nilipata pikseli kama 3,400 upande mrefu, zinazotosha inchi 11 kwa nukta 300 kila inchi. Hapo ndipo ukali huongezwa, baada ya kuipa picha ukubwa wa karatasi.

ZUHURA: Programu huongeza tu tofauti ya weusi na weupe kwenye kingo. Kipini ambacho lenzi haikukiona haitakirudisha.

IDI: Mafundi wa chumba cha giza walifanya hivyo hivyo kabla ya kompyuta: walibandika nakala yenye ukungu juu ya negativu, na kingo zikatokeza.

ZUHURA: Walianza na negativu iliyonyooka.

IDI: Na hawakuishia hapo.

ZUHURA: Mimi ningeishia hapo, na punje za bibi ningeziacha zilivyo.

IDI: Kwenye karatasi isiyong'aa, wino husambaa, picha hiyo ingefifia. Siwezi kukubali.

ZUHURA: Wala mimi. Tena dakika zimekwisha, na karatasi hatujaigusa.

IDI: Kesho nitaiskani upya, kwa ajili ya kipini. Ukali nitauongeza vilevile.

ZUHURA: Nitakuletea kioo.