Kipete cha waya na mkasa wa Otter

Mabibi na mabwana, angalieni hiki nilichoshika. Ni kipete cha waya. Kikidondoka hapa sakafuni tutakitafuta kwa tochi. Kipete cha namna hii ndicho kilichokosekana kwenye mkia wa ndege aina ya Otter iliyotumbukia baharini Mutiny Bay, jimbo la Washington, Marekani, tarehe 4 Septemba 2022. Walikuwemo watu 10. Hakupona hata mmoja.

Kazi yake ni kuizuia nati isizunguke, basi. Hakikuwepo, nati ikajifungua kidogokidogo mpaka ikaachia, na bawa dogo la mkiani likakosa kishikio. Hapo rubani avute, asukume, pua ya ndege haimsikii tena.

Najua mnachofikiria: ndege kuukuu hiyo, mbovu. Kuukuu ni kweli. DHC-3 Otter (jina lake maana yake ni fisi-maji, na nyingi za ndege hizi kweli hutua majini) iliruka mara ya kwanza Kanada mwaka 1951, zikatengenezwa 466. Lakini ubovu? Twendeni Alaska kwanza.

Soldotna, Julai 2013. Otter inanyanyuka, pua inapanda, inazidi kupanda, kisha inaanguka palepale uwanjani. Watu 10 tena. Mzigo haukuwa umepimwa: uliopakiwa ulizidi kwa mbali ulioandikwa, na ulielemea nyuma. Mkia ukiwa mzito pua hupanda, na pua ikipanda mno mabawa hushindwa kuibeba ndege. Tunayajua haya vizuri kwa sababu simu ya abiria mmoja ilikuwa inarekodi dirishani. Wachunguzi wakakokotoa mwendo na mwinuko kutoka kwenye picha zile. Mimi hilo hunikaa kooni kila nikilisimulia.

Karibu na Ketchikan, Juni 2015, watalii 8 na rubani wao waligonga mlima katika hali mbaya ya hewa. Ndege haikuwa na hitilafu. Wachunguzi waliulaumu utamaduni wa kazini uliowasukuma marubani kuruka hata pasipostahili. Na mwaka 2010, ajali ya Otter iliyomuua seneta wa zamani wa Marekani Ted Stevens na wenzake 4, hitimisho lilikuwa kwamba rubani alipotewa na uwezo wa kuitikia kwa muda, kwa sababu isiyobainika.

Turudi kwenye kipete. Oktoba 2022, uchunguzi ukiwa bado mbichi, wachunguzi walitaka kila Otter ikaguliwe mkiani mara moja. Haya, kipokezaneni. Msikidondoshe.