Malaria, Sikoseli na Swali Ambalo Uteuzi Asilia Haulijibu

Ahsante Mwenyekiti, na ahsanteni nyote mliofika. Nimeombwa nizungumzie falsafa ya biolojia, na najua hilo neno falsafa huwatia watu usingizi kabla mzungumzaji hajafungua mdomo. Kwa hiyo nitazungumzia damu.

Mwaka 1949 mwanafunzi wa Oxford aitwaye Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya, alijiunga na msafara wa chuo chake uliokuja Mlima Kenya. Yeye kazi yake ilikuwa kukusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Pwani, na kando ya Ziwa Viktoria, alikuta zaidi ya watu 20 katika kila 100 wamebeba jeni ya sikoseli, au selimundu kama wengine wanavyoiita. Alipopanda nyanda za juu na kwenye maeneo makame, hakumpata hata mmoja katika 100.

Sasa hapo kuna kitendawili. Anayeirithi jeni hii kwa mzazi mmoja tu huwa mbebaji, na kwa kawaida haumwi. Anayeirithi kwa baba na kwa mama, chembe zake nyekundu hujipinda, huziba mishipa midogo, na miaka ile watoto wengi wa namna hiyo hawakufikia umri wa kuzaa. Jeni inayozikwa pamoja na watoto ingetakiwa ipungue kizazi hadi kizazi. Iweje imejaa? Na iweje imejaa Kisumu na Mombasa, lakini si Nyeri?

Allison alitazama ramani akaona kwamba ilikojaa jeni ndiko ilikojaa malaria. Lakini ramani peke yake haithibitishi kitu. Pwani pia kuna minazi mingi, na hakuna anayesema minazi inaleta sikoseli. Ndiyo maana akarudi mwaka 1953. Uganda alipima watoto 290. Kati yao 43 walikuwa wabebaji, na 12 tu kati ya hao walikutwa na vimelea vya malaria, yaani kama asilimia 28. Kwa wale 247 waliobaki, waliokutwa na vimelea ni 113, karibu asilimia 46. Halafu akafanya jambo ambalo sidhani kamati ya maadili ya leo ingemruhusu: aliwaambukiza malaria makusudi wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea, 15 wabebaji na 15 wasio wabebaji. Kwa wasio wabebaji, maambukizi yalishika kwa 14. Kwa wabebaji, kwa wawili tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954.

Nimekaa kwenye takwimu hizi kwa makusudi. Liko lalamiko la zamani dhidi ya Darwin na uteuzi asilia wake, yaani wazo kwamba viumbe wanaofaa mazingira yao ndio wanaobaki na kuzaa zaidi, na bado nalisikia hata kwa wasomi: kwamba nadharia nzima ni mzunguko mtupu. Nani anabaki? Aliyefaa. Tunajuaje kwamba alifaa? Kwa sababu amebaki. Karl Popper mwenyewe, mwanafalsafa wa sayansi, aliwahi kusema kwamba Udarwini haupimiki kama nadharia ya kisayansi, kisha mwaka 1978 akabadili kauli. Mtazameni Allison. Hakusubiri kuona nani atabaki ndipo amwite anayefaa. Alitaja kwanza sababu, kwamba damu ya mbebaji haimpi kimelea makazi mazuri, akaenda kuipima, na ingeweza kabisa kumkatalia. Hata hesabu ipo. Ikiwa jeni imeshikilia sehemu moja ya kumi ya urithi wa kundi, na wanaoirithi mara mbili hawazai kabisa, basi ili isipungue, lazima wasio nayo wapoteze takriban mmoja kati ya tisa zaidi ya wanaopotea kwa wabebaji. Hicho ni kipimo cha ukali wa malaria, na mtu anaweza kukiendea vijijini akakikagua.

Basi, tukubali kwamba uteuzi asilia umeeleza. Swali la mwanafalsafa ni hili: umeeleza nini hasa?

Chukueni chekeche. Ukiuliza kwa nini unga wote ulio kwenye beseni ni laini, jibu ni chekeche: chenga zimebaki juu. Lakini okota chembe moja ya unga ule uulize kwa nini hiyo ni laini. Chekeche haliwezi kukujibu. Chembe ile imelainishwa na jiwe la kusagia, na ingekuwa laini hata kama chekeche lingebaki limetundikwa ukutani. Mwanafalsafa Elliott Sober alishikilia hoja ya aina hii mwaka 1984: uteuzi unaeleza kundi limekaaje, hauelezi kwa nini huyu mmoja yuko alivyo. Huyu mmoja anaelezwa na wazazi wake.

Mama aliyekaa kliniki na mtoto mwenye sikoseli akiuliza, kwa nini mwanangu, jibu la kweli ni kwamba wewe unayo na baba yake anayo, na kila mimba ilikuwa na nafasi moja kati ya nne. Malaria haimo kwenye sentensi hiyo. Nimewahi kumsikia mtaalamu akimweleza mzazi kwamba mtoto anaumwa ili jamii ipate kinga. Samahani, hiyo si sayansi na wala si utu. Mtoto huyu hamkingi yeyote. Wanaokingwa ni wabebaji, na hawakingwi kwa sababu yeye anaumwa.

Hata hivyo, sikubaliani na Sober moja kwa moja. Mwanafalsafa mwenzake Karen Neander alimjibu, na jibu lake lina uzito: unga hauzai. Kinachopita kwenye uteuzi kinazaliana, kinajaa, na kujaa kwake kunabadilisha kile kinachoweza kutokea kesho. Twende na hesabu ya mama yetu. Mahali ambapo mmoja kati ya watano ni mbebaji, ndoa moja kati ya 25 ni ya wabebaji wawili, na mtoto mmoja kati ya 100 atazaliwa na ugonjwa. Mahali ambapo mbebaji ni mmoja kati ya 100, ni mtoto mmoja kati ya 40,000. Uteuzi haukumchagua mtoto wake, lakini ndio uliofanya wabebaji wawili kukutana kandokando ya ziwa liwe jambo la kila siku. Kwangu mimi hayo ni maelezo, ila ni maelezo ya uwezekano, na mzazi anastahili kuambiwa tofauti hiyo.

Naona mkono pale nyuma... ndiyo, ndugu anauliza kama basi mwili "ulijua" unachofanya. Hapana, na ushahidi uko Afrika Magharibi. Himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ina mnyororo uitwao beta, wenye asidi amino 146, yaani vipande vinavyojenga protini. Katika jeni ya sikoseli, ya sita imebadilika, asidi glutamiki ikawa valini. Hilo tu. Kule magharibi kuna jeni nyingine, himoglobini C, iliyobadilisha hiyo hiyo ya sita ikaweka laisini. Utafiti wa Burkina Faso uliochapishwa mwaka 2001 ulikuta kwamba walioirithi kwa mzazi mmoja hatari yao ya malaria ilishuka kwa asilimia 29, na walioirithi kwa wazazi wote wawili, asilimia 93. Na hawa wa mwisho kwa kawaida hupata upungufu mdogo wa damu tu. Yaani iko dawa bora kuliko yetu, isiyozika watoto! Fundi mwenye akili angeiagiza. Uteuzi hauagizi, unafanya kazi na kile kilichotokea mahali pale, na mabadiliko yale yalitokea kule.

Nimalizie na ugomvi ambao haujaisha. Marekani, malaria ilitokomezwa kufikia mwaka 1951. Lakini kati ya watoto wenye asili ya Kiafrika wanaozaliwa huko, takriban mmoja kati ya 13 ni mbebaji. Kazi ya jeni hiyo kule Chicago ni ipi? Mwanafalsafa Larry Wright, kwa hoja yake ya mwaka 1973, angesema kazi ya kitu ni lile linaloeleza kwa nini kipo, kwa hiyo bado ni kinga ya malaria, hata pasipo mbu wa kuambukiza. Mwanafalsafa mwingine, Robert Cummins, kwa hoja yake ya mwaka 1975, angesema tutazame mchango wake katika mwili leo, na leo haina kazi huko.

Daktari wa Chicago namshauri amfuate Cummins. Wright namkubali nusu. Malaria inaeleza kwa nini jeni ilijaa Afrika. Kwa nini iko Chicago, kinachoeleza ni meli za watumwa, na hapo uteuzi asilia hauna la kusema. Mwenyekiti, maswali.