Sikuona mzimu, na hela ya kuchezea sina: usiku wangu Myrtles, Louisiana

Haya ndugu zangu, habari za huko. Leo sijatoka kutembea, nimekaa mezani, kwa sababu tangu niweke ile picha ya baraza ya Myrtles, nyumba ya zamani ya shamba la watumwa ambayo sasa ni hoteli inayosifika kwa mizimu, maoni ni yale yale. La kwanza: "Kaka, uliuona mzimu?" La pili linakuja na kisu: "Hela ya kulala kwa mizimu unayo, ya mchango wa harusi huna." Nayajibu yote mawili leo, tumalizane.

Sikuona kitu. Nimesikia mbao za sakafu zikilia, nyumba ya 1796 hiyo, isilie kwa nini? Mama mdogo alinitumia sauti WhatsApp nisome Ayatul Kursi kabla ya kulala. Nikasoma, nikalala. Mtoto wa Tanga mimi, mnataka nikatishwe na mizimu ya Kizungu?

Sasa hela. Chumba sikukilipia. Mwenzangu kazini, tunaokaa naye zamu za usiku kuhudumia wazee, alikilipia mapema, akaugua, na pesa hairudi. Akanipa. Chumba kilikuwa zaidi ya dola 200 kwa usiku kabla ya kodi, kwa hiyo wanaosema najionyesha, mjue mfuko wangu haukuhusika. Mfuko wangu ulihusika kwenye gari. Kutoka Houston mpaka St. Francisville, ilipo nyumba hiyo, ni mwendo wa saa tano hivi, basi la maana hakuna. Leseni yangu ya Texas ni ile ya muda, inakwisha siku kibali changu cha kukaa Marekani kinapokwisha, na kibali kilikuwa kwenye foleni ya kuongezwa. Yule dada wa kaunta ya kukodi magari anaigeuza leseni kama noti ya bandia. Anaita meneja. Meneja anataka kadi ya mkopo, mimi nina ya benki ya kawaida. Basi wakanizuilia dola 300 juu ya bei ya kukodi, zikarudi baada ya zaidi ya wiki, na kodi ya nyumba ilikuwa imefika. Halafu mtu wa ukoo ananiandikia kwamba nimesahau nilikotoka. Sawa. Jina lake silitaji, anajijua.

Nisilalamike sana, mtasema tena Marekani imenishinda.

Ninachotaka kusema hasa ni kuhusu huyo mzimu wenyewe. Anaitwa Chloe. Hadithi inayouzwa ni kwamba alikuwa mtumwa wa jaji Clark Woodruff, akakamatwa akisikiliza mlangoni, jaji akamkata sikio, ndiyo maana anaonekana na kilemba cha kijani. Akaoka keki akatia majani ya sumu, mke wa jaji na watoto wawili wakafa, na watumwa wenzake wenyewe wakamnyonga wakamtupa mto Mississippi.

Tamu kuisimulia, sivyo? Ila waliochimba kumbukumbu hawakumkuta Chloe yeyote kati ya watumwa wa Woodruff. Na mke wa jaji alikufa 1823 kwa homa ya manjano, watoto wakafuata mwaka uliofuata. Sumu haipo. Mauaji yenye ushahidi pale ni ya Mzungu mmoja, William Winter, aliyepigwa risasi barazani 1871.

Hapo ndipo moyo wangu ulipokataa. Watu weusi walilima pamba pale miaka na miaka, halafu mweusi maarufu kuliko wote wa nyumba ile ni mwanamke ambaye hayupo, na kazi aliyopewa ni kuua watoto. Aliyeijenga, David Bradford, anajulikana mpaka alitoroka Pennsylvania kwa sababu gani: uasi wa kodi ya wiski wa 1794. Watumwa wake je? Usiku ule wageni walikuwa wanapiga picha kioo cha ukumbini, wanasema roho zimenasa mle. Mimi nilikuwa nawaza manamba wa mashamba ya mkonge kwetu. Nyumba ya meneja bado imesimama, ya manamba haipo hata msingi.

Kesho yake niliendesha mpaka barabara inapokwisha, kwenye gereza kuu la jimbo. Wanaliita Angola. Lilikuwa shamba la watumwa, na jina limetoka huko huko Afrika walikotolewa watu. Wafungwa, wengi wao weusi, bado wanalima pale kwa senti chache kwa saa. Sikupiga picha. Mtu mweusi mwenye leseni ya muda kurekodi video nje ya gereza la Louisiana, hapana, nina watoto.

Kuna aliyeniambia ni dhambi kulala nyumba kama ile. Labda. Kuna Wamarekani weusi hawakanyagi kabisa, na wapo wanaokwenda makusudi, wanalala chumba cha bwana, wanasema zamu yetu. Mimi siwezi kumwamulia mtu. Lakini ukiniuliza mimi, peke yangu, ukiwa na nauli ya safari moja tu nenda Whitney, shamba lingine la zamani la watumwa, kule Wallace, kusini zaidi. Ni makumbusho tangu 2014, hakuna kulala, na kinachosimuliwa ni maisha ya watumwa, majina yao yamechongwa ukutani. Hela yako, uamuzi wako.

Na wale wa "nisaidie viza nije tuzunguke wote": mimi si wakala, na kibali changu mwenyewe mmesikia kilivyo. Mchango wa harusi nimetuma jana. Aliyepokea atoe risiti kwenye grupu.