Kitufe Bubu Hubonyezwa Mara Mbili

Ndugu zangu, mtu akikugusa bega ukanyamaza, atakugusa tena, safari hii kwa nguvu. Ndivyo tunavyofanya na vitufe vya simu. Unabonyeza picha ya kikapu, haibadiliki, unabonyeza tena, bidhaa zinaingia mbili. Kisha mtengeneza programu analalamika kwamba watumiaji hawana subira! Kitufe chake ndicho kilichokuwa bubu.

Kitufe cha picha kina hali zake: kimetulia, kimebonyezwa, kimechaguliwa, kimezimwa, na ile ya kufikiwa kwa kibodi, ambayo wengi wetu huisahau. Kwenye Android hali hizi huandikwa katika faili moja ya maandishi ya mtindo wa XML, kila hali na picha yake. Hapo ndipo nilipopoteza siku nzima. Nilitanguliza picha ya kawaida, isiyo na sharti lolote, kwa kuwa ndiyo inayoonekana kwanza. Kumbe mfumo husoma orodha kutoka juu na kusimama kwenye mstari wa kwanza unaokubaliana na hali iliyopo. Hauna habari na unaofaa zaidi. Isiyo na sharti hukubaliana na kila hali, basi zilizo chini yake hazikufikiwa kamwe. Nilibadilisha rangi, nikachora upya, nikailaumu simu. Dawa ilikuwa kuushusha mstari ule mwisho wa orodha.

Si lazima mchore picha tano. Picha moja ya rangi moja, ikipewa orodha ya rangi kwa kila hali, inatosha. Ila rangi isibebe mzigo peke yake: asiyetofautisha nyekundu na kijani hatajua kwamba moyo, ile picha ya kitufe cha vipendwa, umechaguliwa. Uwe mtupu, kisha ujae. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kuwarahisishia wenye ulemavu matumizi ya wavuti, inataka mchoro wa kitufe utofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa mwangaza wa angalau 3:1. Kilichozimwa kimesamehewa, ingawa mimi sipendi kukififisha hadi kitoweke.

Tena kumbukeni kidole: kikibonyeza, kinafunika. Badiliko dogo la katikati mwenye simu halioni. Wimbi la rangi lililokuja na Android 5.0 mwaka 2014 husambaa hadi nje ya kidole, likaonekana. Eneo la kugusa, Google hupendekeza dp 48 kila upande, Apple pointi 44; dp na pointi ni vipimo vyao vya skrini. Picha inaweza kuwa ndogo, eneo lisipungue.

Na kisoma skrini, programu inayomsomea asiyeona kwa sauti? Hakioni moyo uliojaa. Kiandikieni maelezo yanayobadilika pamoja na picha: “Ongeza kwenye vipendwa”, kisha “Ondoa kwenye vipendwa”.